Fundi Aliye Juu ya Nguzo: Wajibu wa Kampuni ya Umeme Nchi Inapokuwa Vitani



Mmenitaka nizungumzie wajibu wa kampuni ya nishati wakati nchi yake iko vitani. Nimeona afadhali nishike mfano mmoja na kuufuata kwa karibu kuliko kutaja nchi nyingi juu juu. Mfano wangu ni Ukraine. Sijui nchi nyingine ya zama zetu ambayo mfumo wake wa umeme umepigwa kwa makusudi, kwa miaka mfululizo na kwa silaha nyingi kiasi hicho, na taa zikaendelea kuwaka, japo kwa mgao.

Kauli yangu ni moja, na ninaitanguliza ili mpate kunipima nayo. Kampuni ya umeme huilinda nchi yake kwa kuwalinda wafanyakazi wake. Michango kwa jeshi, bendera getini na hotuba za wakurugenzi vina nafasi yake. Lakini kabla ya hivyo vyote kuna swali la kujibiwa: fundi anayetumwa kuunga waya uliokatwa na kombora, kampuni imemwandalia nini yeye, mke wake au mume wake, na watoto wake?

Usiku wa kujitenga

Tangu enzi za Kisovieti gridi ya Ukraine ilikuwa imeunganishwa na ya Urusi na ya Belarusi, na mapigo ya mfumo wote yalisimamiwa kutoka Moscow. Kwa miaka kadhaa Ukraine ilijiandaa kuhamia gridi ya Ulaya bara, ikilenga kukamilisha kazi hiyo mwaka 2023. Sharti mojawapo lilikuwa jaribio: nchi ijitenge na majirani wote kwa siku chache, ithibitishe kwamba inaweza kusimama peke yake. Jaribio la majira ya baridi lilipangwa kuanza usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 2022. Wahandisi wa Ukrenergo, kampuni ya serikali inayoendesha gridi, wakakata muungano wa mpakani kama ratiba ilivyosema. Saa chache baadaye uvamizi wa Urusi ukaanza.

Wahandisi mlio hapa mnaelewa uzito wa jambo hilo. Wengine niruhusuni nieleze. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na umeme unaotumika kila sekunde. Usawa huo ukikaa sawa, frikwensi inabaki hezi 50. Ukivunjika, mitambo huanza kujizima ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima inaweza kuingia gizani kwa dakika chache. Ndani ya gridi kubwa, jirani hukushika unapoyumba. Ukiwa peke yako, hakuna wa kukushika. Katika siku zile mamilioni ya watu walikuwa wakihama, viwanda vikifunga milango, nyaya zikikatwa na mizinga, na vituo vingine vikiangukia mikononi mwa adui. Hakuna kitabu kilichowafundisha waongozaji wa gridi namna ya kukadiria mahitaji ya nchi inayokimbia.

Jaribio la siku tatu likawa maisha ya wiki tatu. Tarehe 16 Machi 2022 gridi za Ukraine na Moldova zikaunganishwa na ya Ulaya bara, kazi ambayo ilitarajiwa kuchukua zaidi ya mwaka mwingine. Wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ushahidi wake ndio huo. Kufikia mwisho wa Juni mwaka uleule, nchi iliyovamiwa ilikuwa imeanza kuwauzia Wazungu wenzake umeme.

Watu waliofanya kazi hiyo walikaa mbele ya skrini, wakapiga simu, wakapandisha mtambo mmoja na kushusha mwingine. Ilikuwa kazi yao ya siku zote, ila sasa ilifanywa chini ya ving'ora. Ndiyo maana nasema msaada wa kwanza wa kampuni ya umeme kwa taifa ni kuifanya kazi yake ya kila siku bila kuikatiza. Hospitali haihitaji risala ya mshikamano kutoka kwa kampuni ya umeme, inahitaji umeme. Na kazi hiyo ya kila siku iko vichwani na mikononi mwa watu wachache wenye ujuzi ambao hawawezi kupatikana sokoni kesho asubuhi.

Zamu isiyokwisha

Siku ya kwanza ya vita majeshi ya Urusi yaliteka eneo la Chernobyl. Vinu vya pale havizalishi umeme tena, lakini mafuta ya nyuklia yaliyotumika bado yamehifadhiwa na lazima yaangaliwe mchana na usiku. Wafanyakazi walioingia zamu wakitarajia kurudi nyumbani Slavutych asubuhi hawakurudi. Walifanya kazi chini ya mtutu wa bunduki kwa karibu wiki nne. Tarehe 9 Machi kituo kilikatikiwa umeme wa nje na kikategemea jenereta za dizeli kwa siku kadhaa. Ilipofika tarehe 20 Machi ndipo baadhi yao waliporuhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu wenzao wa Slavutych walijitolea kuingia eneo lililotekwa ili kuwapokea. Nawaomba mlitafakari tendo hilo. Mtu anajua fika mahali anapokwenda ni kifungoni, na bado anakwenda, ili mwenzake aliyechoka apate kulala.

Kule Zaporizhzhia hali ilikuwa ya kutisha zaidi. Kituo kile, chenye vinu sita na uwezo wa megawati 6,000, ndicho kikubwa kuliko vyote vya nyuklia barani Ulaya. Kilitekwa tarehe 4 Machi 2022, na kabla ya vita kilikuwa na wafanyakazi wapatao 11,000. Wengi walihama, waliobaki katika mji wa Enerhodar walishinikizwa watie saini mikataba na shirika la nyuklia la Urusi. Mkurugenzi wa kituo alikamatwa mwishoni mwa Septemba 2022 na kuachiliwa siku chache baadaye. Kinu cha mwisho kilisimamishwa Septemba hiyohiyo. Lakini kinu kilichosimamishwa bado kinahitaji pampu za maji ya kupoza, na pampu zinahitaji umeme. Kituo kimekatikiwa umeme wa nje mara nyingi. Mwaka 2025 kilikaa takriban mwezi mzima kikiendeshwa kwa dizeli.

Kampuni ya serikali ya nyuklia, Energoatom, ilijikuta katika mtihani ambao mwajiri yeyote angeuogopa. Wafanyakazi wake walikuwa mikononi mwa adui, nayo haikuweza kuwafikia. Iwaambie waondoke, ili wao na familia zao wapone? Basi ni nani atakayeangalia vinu? Iwaambie wabaki? Basi inawatoa kafara. Mimi nimefikia kauli hii: mfanyakazi aliyeondoka asiitwe mwoga, na aliyebaki kulinda usalama wa vinu asiitwe msaliti kwa sababu tu jina lake limeonekana kwenye orodha ya zamu. Kampuni inayopenda nchi yake inapaswa kuwa mtetezi wa kwanza wa watu hao vita vitakapokwisha, kwa sababu inajua waliombwa kufanya nini.

Makombora juu ya transfoma

Tarehe 10 Oktoba 2022 Urusi ilianza mashambulizi makubwa yaliyolenga umeme wenyewe. Shabaha zilichaguliwa kwa utaalamu. Mwanzoni havikupigwa sana vituo vya kuzalisha, vilipigwa vituo vya kupoza umeme, hasa transfoma za msongo mkubwa wa kilovoti 330 na 750. Transfoma moja ya aina hiyo inaweza kuzidi tani 200. Kuiagiza kiwandani na kuisubiri huchukua mwaka au zaidi, na kuisafirisha kunahitaji mabehewa maalumu. Ukizivunja za kutosha, vituo vyote vya uzalishaji vinaweza kuwa vizima na bado umeme usifike mjini.

Tarehe 23 Novemba 2022 vinu vyote vya nyuklia vilivyobaki mikononi mwa Ukraine vilitenganishwa na gridi kwa wakati mmoja. Mjini Kyiv, madaktari wa Taasisi ya Moyo walimalizia upasuaji wa mtoto kwa mwanga wa tochi. Halijoto nje ilikuwa karibu na kuganda, na katika miji ile umeme ukikatika, maji hayapandi ghorofani na mabomba yanayopasha nyumba joto hupoa. Serikali ilifungua vituo vya dharura vyenye jenereta ambamo watu waliota moto, wakachaji simu na kunywa chai. Na usiku uleule mafundi walikwishatoka.

Huyo fundi ndiye ninayetaka tumtazame. Anapofika mahali palipolipuliwa hapandi nguzo moja kwa moja. Wategua mabomu hutangulia, kwa maana huenda kuna kombora lisilolipuka au mabomu yaliyotegwa ardhini. Tena kuna hatari mbaya zaidi: adui hupiga mara moja, husubiri mafundi na zimamoto wakusanyike, kisha hupiga mahali palepale mara ya pili. Zaidi ya wafanyakazi 100 wa nishati wameuawa tangu uvamizi uanze, wengine wakiwa kazini hasa, mikono ikiwa kwenye waya.

Hapa ndipo wajibu wa kampuni unapopata sura na uzito. Wajibu ni fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma kwa kila mmoja kwenye kikosi. Wajibu ni handaki lililo karibu na chumba cha kuongozea mitambo, kwa sababu katika vituo vingi king'ora kinapolia wengi hushuka chini, na wachache hubaki juu ili mtambo usiachwe peke yake. Hao wachache nao wanastahili kuta nene. Wajibu ni msimamizi mwenye mamlaka ya kusema "hatuendi hadi eneo lithibitishwe kuwa salama", hata kama mkubwa wa mkoa anapiga simu kila dakika tano akidai umeme. Kampuni inayompeleka fundi haraka ili kuokoa saa mbili za giza inaweza kumpoteza mtu aliyechukua miaka kumi kufundishwa. Hata ukiacha huruma kando, ukahesabu tu kama mhasibu, hesabu hiyo haikubaliki.

Kampuni moja na watu wake

Niwape sasa mfano wa kampuni binafsi kubwa kuliko zote katika sekta hiyo, DTEK. Iliundwa mwaka 2005, ni mali ya tajiri Rinat Akhmetov, na chimbuko lake ni Donbas, nchi ya makaa ya mawe. Ina wafanyakazi wapatao 55,000. Vita kwake havikuanza 2022: mali zake za maeneo yaliyoshikwa na waasi wanaoungwa mkono na Urusi ilizipoteza kabisa mwaka 2017. Ilipofika 2022 ikapoteza vituo vingine.

Katika wiki za kwanza za uvamizi kampuni hii ilitoa umeme bure kwa hospitali na kwa vikosi vya ulinzi. Maelfu ya wafanyakazi wake waliingia jeshini, nayo ikawa inawatafutia vifaa vya kujikinga. Hayo ni mema na ninayataja kwa heshima. Lakini majira ya kuchipua ya 2024 yaliiletea mtihani mkubwa zaidi. Kuanzia tarehe 22 Machi mwaka huo, Urusi iligeukia vituo vya uzalishaji vyenyewe. Ndani ya muda mfupi DTEK ilipoteza takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa kuzalisha, na baadaye ikatangaza kuwa hasara imefikia asilimia 90. Tarehe 11 Aprili kituo cha Trypilska, mali ya kampuni ya serikali karibu na Kyiv, kiliteketezwa. Kwa ujumla nchi ilipoteza zaidi ya megawati 9,000, nusu ya mahitaji yake ya kilele cha majira ya baridi yaliyotangulia.

Mwajiri wa kawaida, mtambo ukiteketea, hupunguza watu. Hapa mitambo iliteketea na watu wakawa wa thamani kubwa kuliko wakati wowote, maana wao ndio waliojua kila bomba na kila vali ya mtambo ulioungua, na wao ndio waliochambua mabaki ili kipuri cha mtambo mmoja kifufue mwingine. Vipuri vililetwa pia kutoka vituo vilivyozeeka vya nchi za Ulaya. Lithuania ilitoa mitambo ya kituo chake kizima kilichofungwa. Lakini kipuri kutoka kituo cha kigeni hakijiungi chenyewe. Kilihitaji fundi mzee mwenye kumbukumbu na subira.

Chini ya ardhi, mambo yalibadilika pia. Wanaume wengi wa migodi ya makaa ya mawe ya mkoa wa Dnipropetrovsk waliitwa jeshini. Kwa miaka mingi sheria iliwakataza wanawake kufanya kazi za chini ya ardhi. Vitani katazo hilo likaondolewa, na zaidi ya wanawake 100 wakashuka mgodini. Kisha fikirieni umeme unakatika wakati wachimbaji wako mita mia kadhaa chini, lifti imesimama na feni za kuleta hewa zimekufa. Jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja, na waokoaji wakawapandisha salama. Uzima wa watu wale ulitegemea jenereta za akiba na mazoezi ya uokoaji, yaani matumizi ambayo mhasibu wa siku za amani angeyaona kuwa hasara.

Kuna suala lingine ambalo haliepukiki: nani aende jeshini na nani abaki mtamboni? Sheria ya Ukraine inaruhusu kampuni zilizotambuliwa kuwa muhimu kuwabakiza kazini sehemu ya wafanyakazi wanaostahili kuandikishwa. Orodha hiyo ni mamlaka makubwa mno mikononi mwa ofisi ya rasilimali watu. Anayeandikwa anabaki, asiyeandikwa huenda akapelekwa mstari wa mbele. Ikitengenezwa gizani, kwa undugu au kwa bahasha, inaoza, na kikosi kizima kinakosa imani. Ikitengenezwa kwa vigezo vinavyojulikana na wote, na chama cha wafanyakazi kikiwa mezani, inavumilika. Na aliyekwenda lazima akirudi akute kazi yake. Akirudi bila mguu, atafutiwe kazi ya chumba cha kuongozea. Akirudi na usiku usio na usingizi, apewe daktari na muda. Vita vya Ukraine vinazalisha mamia kwa maelfu ya watu wa namna hiyo, na mwajiri mkubwa hawezi kuiachia serikali peke yake mzigo huo.

Niongeze jambo la matumaini. Vita vilipoanza, DTEK ilikuwa inajenga shamba la upepo la Tyligulska, mkoani Mykolaiv, si mbali na mapigano. Wataalamu wa kigeni waliondoka na kazi ikasimama. Baadaye mafundi wa Ukraine waliimalizia wenyewe, na kufikia Mei 2023 mitambo 19, kila mmoja wa megawati sita, ilikuwa imesimama: megawati 114. Mwaka 2025 kampuni hiyohiyo ilizindua betri za kuhifadhi umeme zenye uwezo wa megawati 200, zikiwa zimetawanywa maeneo sita. Mantiki yake mtaiona mara moja. Kituo kikubwa kimoja ni shabaha moja nono. Mitambo mingi midogo iliyotawanyika humlazimisha adui atumie makombora mengi kupata kidogo. Na hata mafundi huwa salama zaidi wasipokusanyika wote mahali pamoja.

Wizi wakati wa vita

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu tu. Novemba 2025 Ofisi ya Taifa ya Kupambana na Rushwa ya Ukraine ilitangaza uchunguzi kuhusu Energoatom, kampuni ile ile ya nyuklia. Tuhuma ni kwamba wakandarasi walilazimishwa kutoa asilimia 10 hadi 15 ya thamani ya mikataba yao, na kwamba fedha zilizopita katika mtandao huo zinafikia takriban dola milioni 100. Bunge likawaondoa mawaziri wawili. Mahakama itaamua nani ana hatia, na mimi sitaitangulia.

Lakini naruhusiwa kusema kinachouma. Wakati mfanyakazi wa Zaporizhzhia anaishi chini ya bunduki, wakati fundi anapanda nguzo akisikiliza mlio wa droni, kila senti inayoibwa kutoka kampuni ya nishati imetolewa kwenye ukuta wa zege uliopaswa kuikinga transfoma, au kwenye handaki lililopaswa kumkinga mtu. Kuna watu hudhani kwamba vita vinahalalisha ukimya: tusiseme, adui atafurahi. Mimi naona kinyume. Ukraine ilifanya uchunguzi huo hadharani, katikati ya vita, na baada ya wananchi kuingia barabarani Julai mwaka huohuo kuutetea uhuru wa ofisi hiyo. Kampuni isiyokaguliwa haiwezi kudai kwamba inawalinda watu wake.

Giza lililo karibu nasi

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Nchini Msumbiji, bwawa la Cahora Bassa lilikamilika miaka ya sabini likiwa na njia ya umeme ya takriban kilomita 1,400 kuelekea Afrika Kusini. Wapiganaji wa RENAMO waliziangusha nguzo zake kwa mamia, na kwa zaidi ya mwongo mmoja bwawa likazalisha chini sana ya uwezo wake. Hadi amani ilipopatikana na mabomu ya ardhini kuondolewa, ndipo njia ile ilipoweza kufufuliwa. Nchini Sudan, mwanzoni mwa 2025, droni zilipiga kituo cha umeme cha bwawa la Merowe na kuitia giza sehemu kubwa ya kaskazini.

Halafu kuna Goma, mashariki mwa Kongo, mji wa watu wanaozungumza lugha hii tunayozungumza humu ukumbini. Sehemu kubwa ya umeme wake hutoka katika maporomoko ya Matebe, wilayani Rutshuru, ambako kampuni ya Virunga Energies ilijenga kituo cha megawati 13 mwaka 2015, kikiwa mradi uliozaliwa na hifadhi ya taifa ya Virunga. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliiteka Rutshuru. Kwa zaidi ya miaka miwili kituo kikawa upande mmoja wa vita na wateja wake upande mwingine, na nyaya zikipita katikati. Umeme uliendelea kutiririka kwa sababu wafanyakazi waliendelea kwenda kazini na kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na watu wanaouhitaji. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, na akina mama wakashuka na madumu kuchota maji Ziwa Kivu, katika mji unaoujua uchungu wa kipindupindu. Nyaya zilipoungwa, maji yakarudi bombani.

Goma inatufundisha jambo ambalo Ukraine haitufundishi sawasawa. Kule Ukraine kampuni inajua nchi yake ni ipi. Goma kampuni ililazimika kuwatumikia watu bila kujali ni bendera gani imepandishwa asubuhi ile. Nalo ni tendo la uzalendo, kwa maana nchi ni watu kabla ya kuwa serikali. Lakini fundi wa namna hiyo yuko hatarini mara mbili: kila upande unaweza kumwona mpelelezi wa upande mwingine. Kampuni yake inapaswa kuhakikisha kwamba anatambulika kwa sare na kwa gari lake, kwamba safari yake imekubaliwa na pande zote kabla hajatoka, na kwamba hatumwi kamwe kubeba ujumbe, silaha wala askari. Siku moja tu ya kukiuka hilo inatosha kumwua atakayepita njia hiyo wiki ijayo.

Tufanye nini sasa

Sheria ya kimataifa haijanyamaza. Mikataba ya Geneva na itifaki zake za 1977 zinakataza kushambulia mali ya raia na vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo. Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata makamanda wanne wa Urusi, akiwamo aliyekuwa waziri wa ulinzi, kwa mashambulizi dhidi ya miundombinu ya umeme ya Ukraine. Hati hizo zina maana, hata kama waliotajwa hawajafikishwa mahakamani: zimeandika kwamba kuwanyima raia umeme katikati ya baridi kunaweza kuwa uhalifu, na wanaoagiza hivyo wana majina.

Lakini hati haimvalishi fundi fulana. Kwa hiyo namalizia kwa maombi kwa kampuni za nishati za eneo letu, za umma na za binafsi, nikizungumza wakati ambapo wengi wetu tuna amani ya kutosha kujiandaa.

La kwanza, mkataba wa hali bora utamke wazi, leo, kitakachotokea mfanyakazi akiuawa, akijeruhiwa, akitekwa, akihamishwa na vita au akiitwa jeshini: mshahara utalipwa kwa nani, kwa muda gani, nyumba ya kampuni itabaki kwa familia hadi lini, watoto watasomeshwa na nani. Familia haipaswi kuanza kubembeleza ofisini siku ya msiba.

La pili, kila kituo kikubwa kiwe na mahali pa kujikinga, jenereta za akiba zinazojaribiwa kila mara, na vipuri vya mitambo ile ambayo kuisubiri huchukua mwaka. Majirani wanaounganishwa na gridi moja wakubaliane mapema kuhusu hifadhi ya pamoja ya transfoma.

La tatu, mamlaka ya kusema "bado si salama" yabaki kwa msimamizi aliyeko eneo la kazi, na yalindwe kwa maandishi, ili asiadhibiwe kwa kuwaokoa watu wake.

La nne, ujuzi usikae kwa mtu mmoja. Fundi mzee apewe vijana wa kufuatana naye, kwa sababu vita huchukua watu bila kuuliza nani ana mrithi.

La tano, hesabu za matumizi ya dharura zikaguliwe hadharani, na wawakilishi wa wafanyakazi wawe na haki ya kuziona, maana wao ndio watakaosimama nyuma ya ukuta unaodaiwa kuwa umejengwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji vita ili lianze. Yote yanahitaji bodi iliyo tayari kuyawekea bajeti mwaka huu, na chama cha wafanyakazi kitakachoyadai bila kuchoka. Nanyi wanafunzi wa uhandisi, mnapoitwa kwenye usaili wa kazi ya kwanza, baada ya kuuliza mshahara, ulizeni na haya. Kampuni itakayowajibu vizuri ndiyo itakayokuwa bado inawasha taa siku mbaya ikifika.